Hoteli ya katikati ya mji siyo anasa kwa msafiri wa treni Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kitu ambacho kimenikaa moyoni muda mrefu, ni kuhusu hizi ratiba za kuzunguka Ulaya kwa treni kwa bajeti ndogo ambazo watu wanatumiana kwenye simu, miji 10 siku 12, na chini yake kuna orodha ya hoteli za bei ya kutupa ambazo ukizifungua kwenye ramani unakuta ziko mwisho kabisa wa reli, pembeni ya barabara kuu ya magari, hata duka la mkate hakuna. Mtu anaona euro 58 anafurahi, anabonyeza, analipa. Mimi nilishabonyeza hivyo hivyo ndio maana naandika, sitaki mwingine apite nilikopita.

Ilikuwa Paris, mimi na mdogo wangu, safari yetu ya kwanza. Tulishuka stesheni ya Gare du Nord jioni, mvua ya rasharasha, tukaingia treni ya RER, zile za kwenda vitongoji vya nje ya mji, tukaenda vituo vingi mpaka nje ya dirisha majengo yakaisha yakabaki maghala na maegesho ya malori, tukashuka tukatembea kama dakika 20 tunaburuta mabegi kwenye njia ya kokoto, gurudumu la begi la mdogo wangu likang'oka hapo hapo akawa analikumbatia kama mtoto mpaka mapokezi. Chumba chenyewe kilikuwa kisafi, sina neno nacho. Shida ilianza kesho yake. Ukitoka asubuhi ndio umetoka mpaka usiku, huwezi kurudi mchana ukapumzika wala kubadilisha soksi zilizolowa, chakula chote unakula nje, choo unalipia, na tiketi ya metro na RER pale sasa hivi ni kama euro 2 na nusu kwa mtu mmoja kwa safari moja, watu wawili kwenda na kurudi tayari ni 10. Usiku wa 3 tukakuta laini yetu imefungwa mapema kwa ajili ya ukarabati, tukachukua teksi, na teksi ile ikameza kila senti tuliyodhani tumeiokoa kwenye hoteli.

Tangu hapo hesabu yangu ni nyingine. Siangalii bei ya chumba peke yake, nachukua bei ya chumba najumlisha nauli za kila siku za watu wote tulionao, na choo, na chakula cha nje, na teksi za dharura, halafu ndio nalinganisha, na mara nyingi sana chumba cha euro 80 karibu na stesheni kinatoka nafuu kuliko hicho cha 58. Uzuri wote wa treni ni kwamba inakushusha mjini kati, sio kama ndege inayokuacha porini uanze kutafuta basi. Köln, Ujerumani, ukitoka tu mlango wa stesheni kanisa kuu hilo hapo mbele yako, minara yake ina mita 157, unainua shingo hata begi hujaliweka chini. Florence, kutoka stesheni ya Santa Maria Novella mpaka Duomo, kanisa kuu la mji, ni kama dakika 10 kwa miguu na njia ni tambarare. Prague stesheni kuu na Uwanja wa Wenceslas ni majirani. Sasa treni imekuleta mpaka hapo kwa pesa yako mwenyewe, halafu upande nyingine ikutoe tena nje ya mji ukalale, ya nini?

Ila naomba nieleweke, karibu na stesheni haina maana stesheni yoyote upande wowote. Frankfurt mitaa iliyo mbele ya stesheni kuu inajulikana kwa madawa ya kulevya na fujo za usiku, ukiwa na watoto au wazazi bora usogee mbele kidogo. Brussels treni za kimataifa zinasimama stesheni ya Midi lakini mimi nalala karibu na stesheni ya Central ambayo iko hatua chache tu toka Grand-Place, uwanja mkuu wa mji wa zamani, treni kutoka Midi mpaka Central ni dakika chache. Na kuna miji ambayo katikati yake haikamatiki kabisa kwa bei, Amsterdam ni mfano, pale kodi ya watalii peke yake tangu 2024 ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba na mara nyingi unakuja kuijua ukiwa umeshasimama mapokezi. Hapo mimi nalala Haarlem, mji mdogo wenye katikati yake mwenyewe nzuri tu, na treni mpaka Amsterdam Centraal haizidi dakika 20. Venice vilevile, Mestre, upande wa nchi kavu, kuna hoteli nyingi zinazotazamana na stesheni na treni ya kwenda Santa Lucia, stesheni ya Venice yenyewe, ni kama dakika 10, tena Mestre iko ndani ya manispaa ya Venice kwa hiyo aliyelala pale halipi ile ada ya wageni wa kutwa iliyoanza Aprili 2024, anatakiwa tu kujiandikisha kwamba amesamehewa. Hii sio sawa na ile hoteli ya barabarani, hapa unalala mlangoni kwa stesheni, ukiamka umeshafika.

Vyumba vya bei nzuri katikati vipo jamani, watu hawavitafuti tu. Hosteli nyingi siku hizi zina vyumba vya watu 2 vyenye bafu lake, sio lazima ulale chumba kimoja na watu 8. Roma kuna nyumba za masista zinazopokea wageni, ziko mitaa mizuri kabisa, ni safi, ni kimya, ila nyingi zinafunga geti saa fulani usiku kwa hiyo uliza kabla. Miji yenye vyuo vikuu, wanafunzi wakiwa likizo Julai na Agosti baadhi ya mabweni yanakodisha vyumba. Na kuna jambo moja ambalo nikimwambia mtu huwa anashangaa, kwamba siku ya wiki inabadilisha bei kuliko hata nyota za hoteli. Brussels na Frankfurt zinajaa watu wa kazi Jumatatu mpaka Alhamisi, wikiendi wanaondoka na bei inashuka, wakati Prague na Venice wikiendi ndio zinafurika. Kwa hiyo panga kuwa kwenye miji ya kazi wikiendi na miji ya utalii katikati ya wiki. Angalia pia kalenda ya maonyesho ya biashara ya Milan na Frankfurt, na Munich kipindi cha Oktoberfest, sherehe yao kubwa ya bia, kuanzia Septemba katikati mpaka mwanzoni mwa Oktoba, usiisogelee kama huna pesa.

Sasa tiketi. Hapa nina kidonda kingine. Nilinunua tiketi 2 tofauti, moja ya kunifikisha mji wa kubadilishia na nyingine ya kampuni nyingine kuendelea mbele, kwa sababu zikijumlishwa zilikuwa pungufu kwa euro 11 kuliko tiketi moja ya safari nzima. Treni ya kwanza ikachelewa dakika 50. Nilifika pale platifomu tupu, nikaenda dirishani nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba tiketi yangu ya pili imeshakufa, ninunue nyingine kwa bei ya siku hiyo hiyo, na bei ya siku hiyo hiyo kwenye treni za kasi inaweza kuwa mara 3 ya ile uliyopata mapema. Kumbe sheria ya Umoja wa Ulaya ya haki za abiria wa reli, hii mpya inayotumika tangu Juni 2023, inamlinda vizuri sana mtu mwenye tiketi moja ya safari nzima, ukikosa treni ya kuunganisha wanatakiwa wakufikishe, ukichelewa kufika kwa dakika 60 mpaka 119 kwa kawaida unadai robo ya nauli, ukichelewa saa 2 na zaidi unadai nusu, na kama umekwama usiku mahali wakutafutie pa kulala inapowezekana. Mwenye tiketi vipande vipande hana kinga hiyo, kila kipande kinahesabiwa peke yake. Kama lazima ununue vipande basi weka nafasi ya kutosha katikati, mimi siwezi tena chini ya saa 2, na kituo cha kuungia kiwe mji ambao hata ukikwama una kitu cha kufanya.

Kuhusu pasi, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi za nchi mbalimbali, wengi wananiuliza. Eurail ni ya sisi tusioishi Ulaya, ipo tangu 1959, na Interrail ni ya wakazi wa kule, ilianza 1972, zote 2 zinafika nchi 33. Ni kitu kizuri kwa anayepanda treni ndefu nyingi bila kujua kesho atakuwa wapi, na wenye miaka mpaka 27 wanapunguziwa, na watoto chini ya 12 wanasafiri bure na mtu mzima. Lakini mtu mwenye miji 4 na tarehe zake ameshazipanga, tiketi za mapema karibu kila mara zinamtoka kwa bei chini ya pasi. Tena pasi haikumalizii kila kitu, Ufaransa kwenye TGV, treni zao za kasi, Hispania na Italia kwenye treni za kasi, bado unalipia kubuku siti juu yake. Ujerumani na Austria unaweza kupanda nyingi tu bila siti ya kubuku. Italia na Hispania kuna ushindani mkubwa, kampuni binafsi ya Italo ilianza 2012 ikawabana Trenitalia ya serikali, na njia ya Madrid kwenda Barcelona ina kampuni 3 zinazogombea abiria, kwa hiyo ukiwahi wiki kadhaa mbele unapata bei ambayo utafikiri umekosea kusoma.

Njia ninayompendekezea anayeanza ni moja tu, Berlin, Prague, Vienna halafu Budapest, na kama pesa ni kidogo zaidi pumzikia Bratislava ambayo ni kama saa 1 tu toka Vienna na vyumba mara nyingi ni nafuu kuliko Vienna. Hakuna kipande cha kukuchosha, Prague mpaka Vienna ni kama saa 4, Vienna mpaka Budapest hata 3 hazifiki, na ile sehemu kati ya Dresden na mpaka wa Czech treni inafuata mto Elbe chini ya miamba, kaa dirishani upande wa mto usilale. Kumbuka tu Czech wanatumia koruna na Hungary forint, euro zako utazibadilisha. Nunua ndege ya kushukia Berlin na kuondokea Budapest, usirudi nyuma bure.

Treni ya usiku nayo inaokoa hela ya hoteli, ile Nightjet ya Austria inatoka Vienna jioni asubuhi uko Venice, vitanda vya watu kadhaa kwenye chumba kimoja. Kwa umri wangu usiku mmoja unatosha, wa pili mfululizo unaharibu siku inayofuata. Na kwenye treni za usiku angalia tarehe kwa makini jamani, ratiba za kule ni za saa 24 na siku mpya inaanza katikati ya usiku, tiketi iliyoandikwa 00:20 tarehe 15 maana yake uwe stesheni usiku wa tarehe 14. Nimeona familia nzima imekuja na mabegi usiku wa 15, treni yao imeondoka jana yake.

Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ombeni mapema, mnaruhusiwa mpaka miezi 6 kabla, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima iwe ya angalau euro 30,000, na unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hapo ndio sababu nyingine ya kupunguza miji maana ratiba ya nchi 8 hata kuielezea dirishani ni kazi. Hoteli buku zile unazoweza kufuta bila kukatwa. Tiketi za treni zisizorudishwa zisubiri viza itoke.

Mwaka jana tulimpeleka mama Florence, magoti yake yanamsumbua. Nilitafuta chumba dakika 5 toka stesheni, nikapiga simu kuuliza lifti kwanza kwa sababu hoteli nyingi za bei nafuu pale ni ghorofa ya 3 au ya 4 kwenye majengo ya zamani na ngazi ni za mawe, tukapata yenye lifti ndogo ya watu 2 na begi moja. Asubuhi tunatoka naye mpaka Duomo taratibu, saa 7 mchana jua likiwa kali tunarudi, anavua viatu analala na feni, saa 11 jioni anatuamsha yeye, amevaa tayari, anataka twende tena mtoni akaangalie watu wanavyovuka daraja la Ponte Vecchio.

Ni mimi msomaji wako wa siku zote.