Mabango ya maandamano ukumbini: yashonwe, yasichapwe

Bwana Mhariri,

Siku hizi msanii akitaka kuingiza sura ya maandamano na panki (mtindo wa muziki na sanaa ya uasi) ndani ya makumbusho, kazi huishia kwa mchapa turubai: herufi zilizochanwa na kompyuta, matone ya rangi ya kompyuta. Turubai hiyo inang'aa. Mtazamaji anaona taa kabla ya neno.

Mwaka 2007 msanii Mwingereza Mark Wallinger alijenga upya ndani ya makumbusho ya sanaa ya Tate Britain, London, mabango na vitu zaidi ya 600 vya Brian Haw, mpinga vita aliyekesha mbele ya Bunge la Uingereza tangu 2001. Polisi walikuwa wamevizoa vingi mwezi wa tano 2006. Vilitengenezwa upya kimoja kimoja, pamoja na uchakavu wake. Kisha sakafuni ukachorwa mstari mweusi: mpaka wa kilomita moja kuzunguka Bunge, ambamo sheria ilikataza maandamano bila kibali. Mstari ulikata katikati ya makumbusho.

Hapa Lubumbashi, mji wenye bienale (onyesho la sanaa la kila miaka miwili) tangu 2008, kazi hiyo inawezekana kwa kitambaa cha amerikani mita 3 kwa 1.20. Ifuliwe kwanza, maana wanga wa kiwandani unakataa rangi. Kila upande ukunjwe sentimita 10 na kushonwa, fito zipite humo. Herufi za sentimita 20 zinasomeka vizuri kutoka mita 20. Kiolezo kikatwe kwenye kartoni, na katika A, B, D, O, P na R paachwe daraja la sentimita moja, la sivyo kiini cha herufi kinadondoka. Wengi wanaharibu kwenye rangi: ikiwa nyepesi inapenya chini ya kartoni. Sponji ikaribie kukauka, igongwegongwe, isiburutwe.

Picha zitolewe fotokopi ya fotokopi mpaka kijivu kipotee. Uji wa kubandikia: kikombe cha unga wa ngano kwa vinne vya maji, ukorogwe motoni. Upakwe chini ya karatasi na juu pia, kwani kiangazi kingo hujikunja upesi. Siku ya tatu unachacha, na mende wanaupenda. Mlinzi wa makumbusho akinung'unika ana haki. Bandikeni kwenye plaiwudi, si ukutani.

Wakurugenzi wa kumbi nao wasome kifungu cha 26 cha Katiba ya Kongo: taarifa ya maandishi inadaiwa kwa maandamano ya barabarani na mahali pa wazi; ndani ya ukumbi hakipataji. Basi mstari wa kwetu unapita kwenye kizingiti cha mlango wenu. Msanii akiomba kuuchora, mruhusuni, na msiusugue mpaka onyesho liishe.

Wachora mabango, Lubumbashi