Umeme ukikatika katikati, hela zinabaki wapi?

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako nausoma kila linapofika Kigoma, hata likiwa la juzi, na karibu kila mara habari ni ya tajiri fulani wa simu au mitandao. Mimi nataka kumzungumzia mtu wa aina nyingine, ila kwanza nieleze nilivyonusurika kuitwa mwizi.

Nilikuwa mhazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Kibirizi, wengi wetu wachuuzi wa dagaa. Daftari la kaunta lilitutosha miaka mingi, mpaka tukashawishika kutengenezewa programu na kijana mmoja wa mjini. Mahesabu tunafunga siku za mbalamwezi, wavuvi hawaingii ziwani na watu wana nafasi. Jioni moja nahamisha shilingi 340,000 kutoka akiba ya mama mmoja kwenda kwa mwenzake aliyemuuzia mzigo. Nimebonyeza tu, umeme ukakatika, na kompyuta yetu ni ya mezani. Uliporudi nikafungua: kwa yule mama zimetoka, kwa mwenzake hazijaingia. Wanachama hawakuitazama kompyuta, walinitazama mimi. Siwalaumu, hata mimi ningemtazama mhazina.

Wiki tatu nilikuwa napita njia ya nyuma kwenda sokoni. Aliyeniokoa ni mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni. Alikuja likizo, akaipekua ile programu, akacheka peke yake. "Mjomba, humu hakuna muamala, yaani kutoa na kuingiza vifungwe pamoja kuwa kitendo kimoja. Kuna kutoa na kuna kuingiza, kila kimoja na safari yake." Aliwaonyesha kamati nzima pale pale, kisha akaanza kunisimulia habari za Jim Gray, mtafiti wa kompyuta wa Marekani.

Gray alizaliwa San Francisco mwaka 1944, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1969. Miaka ya 1970 alikuwa na watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, kwenye mradi wa System R, uliolenga kuonyesha kwamba wazo la mtafiti mwenzao Edgar Codd la mwaka 1970, la kupanga taarifa kwenye majedwali, linaweza kufanya kazi kweli kweli. Wenzake walihangaika na lugha ya kuiuliza maswali kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Yeye aling'ang'ana na balaa langu: mashine ikizimika katikati ya kazi inakuwaje? Na watu wawili wakigusa salio moja kwa wakati mmoja?

Jibu lake ni kwamba hatua zote za muamala zikamilike, au isikamilike hata moja. Kabla ya kugusa salio, kompyuta iandike pembeni inachotaka kufanya. Ikizimika, ikiamka isome yale maandishi, na kilichoishia njiani ikirudishe kilipokuwa. Kwa wale wawili wanaogombea salio, kuna kufuli: mmoja akishika, mwingine anasubiri amalize. Ukifunga daftari zima, watu wote wanapanga foleni. Ukifunga mstari mmoja, wengine wanaendelea na shughuli zao, ila sasa una kufuli chungu nzima za kusimamia. Mwaka 1976 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliozungumzia ukubwa wa kufuli. Mwaka 1981 akaandika akifananisha muamala na ndoa ya Kikristo: mchungaji anamuuliza huyu, anamuuliza yule, wote wakikubali ndipo anawatangaza. Mfano huo nimeupenda. Kwetu Ujiji nako posa na mahari vitazungumzwa hata mwaka, lakini bwana harusi asipotamka kwamba amekubali, hakuna ndoa.

Alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1998. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake na mashua ya tanga, kwenda kumwaga majivu ya mama yake karibu na visiwa vya Farallon. Hakurudi. Watu wengi walijitolea kukagua picha za setilaiti, mashua haikuonekana. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu wa Kibirizi. Nilipowasimulia wavuvi waliacha kushona nyavu.

Kilichoniuma zaidi, Mhariri, ni kwamba kanzidata aliyoitumia yule kijana ilikuwa na uwezo huo wa miamala tangu mwanzo. Hakuuita tu. Mpwa wangu aliongeza mistari michache, chai ikiwa bado ya moto. Vyuo vinavyofundisha vijana kutengeneza kurasa za kupendeza viwafundishe na hili, na ukurasa wako utupe habari za watafiti wa namna hii, hata kama hawana ndege binafsi.

Sisi siku hizi fundi akituletea programu tunamwambia ahamishe hela za majaribio, na kabla hajamaliza mmoja wetu anachomoa waya ukutani. Wawili wameshakasirika wakaondoka na kompyuta zao.

Mhazina mstaafu,
Kibirizi, Kigoma