Msimmwagie jongoo mafuta ya taa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya wasomaji nisahihishe makala yenu kuhusu "wadudu hatari wa masika". Mwandishi amewatia jongoo na tandu kapu moja, akasema wote wanauma, kisha akawashauri wenye nyumba wammwagie jongoo mafuta ya taa kila anapojitokeza mlangoni. Huku Tabora mvua za Novemba zimeshafungua msimu, jongoo wametapakaa uani na vichochoroni, na ushauri wa namna hiyo hushika haraka kuliko sahihisho lake. Ndiyo maana naandika mapema.

Hawa ni wanyama wawili tofauti, na wala si wadudu kwa maana halisi, kwani mdudu ana miguu sita. Tandu ana mwili bapa, kila pingili ina jozi moja ya miguu inayochomoza pembeni, na anakimbia. Jozi iliyo nyuma tu ya kichwa chake imegeuka kuwa makucha ya kudungia sumu, na hayo ndiyo yanayomliza mtu usiku. Jongoo mkubwa tunayemfahamu ni mviringo kama kipande cha mpira wa maji, mgumu, na karibu kila pingili yake ina jozi mbili zilizopangwa chini ya tumbo. Akiguswa hakimbii, anajikunja. Kinywa chake ni cha kusaga majani yaliyolainika kwa kuoza. Hana jino la sumu, hana mwiba, hana cha kudungia. Anayesema ameumwa na jongoo, ama aliumwa na tandu gizani, ama ngozi yake imepata majimaji ya jongoo, na hilo ni jambo jingine.

Mwenye shaka na amgeuze taratibu jongoo mweusi mkubwa kwa kijiti, ahesabu pingili kuanzia kichwani. Ya kwanza, iliyokaa kama ukosi wa shati, haina miguu kabisa. Tatu zinazofuata zina jozi moja moja. Kuanzia ya tano, jozi ni mbili mbili. Akifika ya saba akakuta pengo, kana kwamba miguu imeng'olewa, huyo ni dume: miguu ya hapo imegeuka kuwa viungo vya kupandia jike, navyo hukaa vimekunjwa ndani. Jike hana pengo hilo. Jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki huweza kuzidi sentimita 30 na kuwa na miguu 250 hivi, ila hatoki nayo kwenye yai. Huanguliwa na jozi tatu tu, nyingine zikaongezeka kila anapojivua gamba. Wa kwanza kujulikana kuvuka miguu elfu moja ni wa Australia, aliyetangazwa mwaka 2021: mwembamba kama uzi, hana macho, ana miguu 1,306, na alitolewa kwenye shimo la utafutaji madini, mita 60 chini ya ardhi.

Kuhusu majimaji, hapo kweli pana tahadhari. Ubavuni mwa pingili zake nyingi, kila upande, mna kitundu kama cha ncha ya sindano. Akibanwa au akikanyagwa hutoa humo majimaji ya manjano yenye harufu kali inayokaribia ile ya ayodini. Ndani yake mna kemikali za kundi la benzokwinoni. Zikigusa ngozi hushikana na protini zake, kama vile maji ya magome ya miti yanavyokamata ngozi ya ng'ombe inapotengenezwa, ndiyo maana doa huanza la njano, likageuka kahawia na hata zambarau nzito, na halitoki kwa kusugua. Osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha liache. Litafifia lenyewe kadiri ngozi inavyojibadilisha, wakati mwingine kwa majuma kadhaa. Kinachoharibu ni papara: watu husugua kwa mchanga, majivu au limau hadi ngozi inachubuka, na kidonda hicho ndicho kinachopata uchafu. Majimaji yakibanwa muda mrefu, tuseme jongoo aliingia ndani ya kiatu au chini ya mtoto aliyelala, malengelenge yanaweza kutokea. Doa la mtoto huwa na umbo la upinde, na kwa asiyelijua linafanana kabisa na alama ya kuunguzwa au kuchapwa. Kabla ya kumtuhumu dada wa kazi, kung'uteni shuka na godoro.

Jicho ndilo la dharura. Mlaze mtu kichwa kikiinamia upande wa jicho lililoumia, fungua kope kwa vidole, mimina maji safi kutoka kwenye jagi yatiririke kuelekea nje kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kioo cha jicho kinaweza kupata kidonda. Msitie maziwa ya mama, maji ya majani, wala dawa ya macho iliyobaki ya mtu mwingine.

Wahenga walisema mtupe jongoo na mti wake, nasi tumezoea kuutumia msemo huo kwa mambo ya watu. Lakini hata kwa jongoo mwenyewe ni maelekezo sahihi kabisa: kijiti kilichomgusa kimebaki na majimaji, na mtoto akikiokota kisha akafikicha jicho, jongoo keshakwenda zake na taabu imebaki.

Sasa, kwa nini anaingia ndani? Chini ya tumbo, karibu na mashina ya miguu, jongoo ana matundu mengine, ya kupumulia. Jongoo walio wengi hawana uwezo wa kuyafunga vizuri. Udongo ukijaa maji, hewa inakwisha kwenye vishimo vyake naye hana budi kupanda juu. Tena gamba lake limeimarishwa kwa chokaa lakini si hodari wa kuzuia unyevu usipotee, kwa hiyo jua likitoka anatafuta kivuli chenye ubichi: bafuni, chini ya mtungi, nyuma ya gunia. Ndani ya nyumba kavu hufa baada ya siku chache. Hakuja kukaa.

Mafuta ya taa humuua huyo mmoja, sikatai. Ila aliye nyuma yake analetwa na maji yaleyale, na mafuta hayazuii maji. Anayemwagiwa hujipinda na kutoa majimaji yote aliyonayo, yakabaki sakafuni pale pale watoto wanapotambaa. Kibaraza kinabaki kinanuka na kinaweza kushika moto, na chupa ya soda yenye mafuta ya taa iliyoachwa mlangoni ni hatari kubwa kwa mtoto mwenye kiu kuliko jongoo mia. Fanyeni hivi: ondoeni kuni, matofali na malundo ya majani yaliyoegemea ukuta, muache walau mita moja tupu kuzunguka nyumba, zibeni mwanya wa chini ya mlango kwa kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa misumari, wekeni wavu kwenye tundu la kutolea maji bafuni. Walioingia wasukumeni kwa ufagio juu ya kipande cha boksi, mkawamwage kwenye lundo la mboji au chini ya mwembe.

Makala yenu ilimalizia kwa jongoo wa kale wa mita mbili, ikasema aliishi "Afrika" na kula nyama. Mnyama huyo alikuwapo kweli, anaitwa Arthropleura, lakini mengine hayakukaa sawa. Mabaki yake yamepatikana Ulaya na Amerika Kaskazini, sehemu ambazo zama zile zilikuwa karibu na ikweta. Kipande kikubwa zaidi kilionekana mwaka 2018 pwani ya Howick, Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, pale bonge la jiwe la mchanga lilipoporomoka kutoka kwenye genge na kupasuka. Kisukuku chenyewe, yaani mabaki yaliyohifadhika ndani ya jiwe, kina urefu wa sentimita 76 tu, kikiwa na pingili 12 hadi 14, na umri wake ni miaka milioni 326 hivi. Kutokana nacho, wataalamu walikadiria mnyama mzima alikuwa na upana wa sentimita 55, akafika urefu wa mita 2.6 na kilo 50. Mfuko mmoja wa saruji, basi, wenye miguu mingi, na kitanda cha futi sita kingempungukia kwa karibu sentimita 80. Inaelekea kipande kile si maiti bali gamba alilojivua, likajaa mchanga. Jongoo wetu pia hujivua hivyo, amejichimbia udongoni kwa majuma, ila akimaliza hulila gamba lake ili arudishe chokaa mwilini.

Kichwa cha Arthropleura hakikujulikana vizuri hadi mwaka 2024, watafiti walipochunguza kwa mashine za miale vichanga vya mnyama huyo kutoka Montceau-les-Mines, Ufaransa. Walikuta mwili wa kijongoo, jozi mbili kwa pingili, lakini vipande vya kinywa vinavyokaribia vya tandu, na macho yamekaa juu ya vikonyo kama ya kaa. Makucha ya sumu hawakuyaona. Kwa ushahidi uliopo alikuwa mla mimea iliyokufa. Jambo hilo linanivutia kuliko urefu wake, kwa maana linaonyesha jongoo na tandu ni jamaa wa karibu kuliko tunavyodhani tukiwatazama leo.

Mkubwa namna hiyo asitafutwe hapa. Mawe ya itale tunayoyaona Tabora yaliganda kutokana na uji wa moto zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, zamani sana kabla mnyama yeyote hajakanyaga nchi kavu. Na kama tunataka kustaajabia kisukuku cha jongoo, mimi ningechagua kimoja kidogo sana: kipande cha sentimita moja kutoka Stonehaven, Scotland, kilichookotwa na Mike Newman, dereva wa basi aliyependa visukuku, na kutangazwa mwaka 2004. Kina umri wa zaidi ya miaka milioni 410, na ubavuni mwake yanaonekana matundu ya kupumulia. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa mnyama kuvuta hewa ya nchi kavu, na ni matundu ya aina ileile yanayomleta jongoo kwenye vizingiti vyetu mvua ikizidi.

Limebaki la shamba, ambalo makala haikuligusa na ndilo wasomaji wengi wa Tabora na Kigoma watakalouliza. Chakula kikuu cha jongoo ni majani makavu, magome na mti uliooza. Kwenye misitu ya miyombo na mitundu, ambako udongo ni wa kichanga na majani ni magumu, yeye na mchwa ndio wanaoyakatakata. Kinyesi chake, vidonge vidogo vyeusi, ni jani lililosagwa tayari kwa kuvu na bakteria. Anayechoma majani ya shambani kila Septemba anamnyang'anya kazi hiyo na kubaki na majivu ambayo mvua ya kwanza inayabeba. Kigoma, kwenye mashamba ya michikichi na migomba, magogo yanayooza yaachwe mbali kidogo na vitalu vya miche, lakini yasichomwe.

Hata hivyo anaweza kula mazao, na itakuwa si haki kuficha. Kaskazini mashariki mwa Uganda jongoo wanajulikana kuharibu viazi vitamu na karanga. Hasara hutokea nyakati mbili. Ya kwanza ni mwanzo wa mvua, pale marando ya viazi yamepandwa tu na mbegu za karanga zinavimba ardhini: jongoo wametoka na njaa, kibichi kingine ni haba. Ya pili ni viazi vilivyokomaa vikaachwa kwenye tuta miezi mingi kama ghala. Fukusi hutangulia kutoboa, au tuta linapasuka kwa jua, jongoo anafuata tundu na kulipanua, halafu lawama zote anabeba yeye kwa kuwa ndiye anayeonekana.

Dawa yake ni ratiba. Chimbeni viazi vikikomaa, msivihifadhi tutani. Vya ziada vikatwe vikaushwe michembe, au vichemshwe kwa ajili ya matobolwa. Rudishieni udongo kwenye nyufa za matuta. Msipande viazi baada ya viazi, wala karanga baada ya viazi, shamba lilelile. Ingizeni mtama au ulezi katikati. Matandazo yawekwe miche ikishashika, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasigusane na shina. Penye jongoo wengi kupita kiasi, tandazeni jioni gunia lililolowa juu ya vipande vya kiazi au papai bivu, mlifunue alfajiri kabla ya jua, mkusanye kwa koleo na kuwapeleka kwenye mboji. Rudieni siku nne tano mfululizo kabla ya kupanda.

Marando yanapandwa juma hili na lijalo. Naomba sahihisho kuhusu mafuta ya taa litoke katika toleo lenu linalofuata, ukurasa uleule ilipotoka makala, kwa herufi za ukubwa uleule.

Msomaji wenu,
Tabora Mjini