Mkulima wa shamba la kukodi naye aandikishwe kwa mbolea ya ruzuku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wakulima tunaotoka mikoa mingine kuja kulima mpunga katika Bonde la Kilombero. Mimi kwetu ni Shinyanga, na huu ni msimu wa saba nakodi ekari nne katika kijiji kimoja cha bonde hili, kwa makubaliano ya mdomo na mwenye shamba.

Tangu ruzuku hii ya mbolea ilipoanza mwaka 2022, mkulima hauziwi mfuko kwa bei nafuu mpaka awe ameandikishwa kijijini pamoja na ekari zake na kupewa namba ya kumwonyesha wakala anayeuza mbolea. Kijijini kwetu uandikishaji hufanyika kiangazi, wakati wengi wetu tumerudi makwetu, na hata aliyebaki huambiwa kwamba si mkazi na shamba si lake. Anayeandikwa ni mwenye shamba, kwa ekari zile zile ambazo jembe lake halikuzigusa. Mwaka jana niliuziwa urea na mtu aliyeichukua kwa namba yake, akaniongezea shilingi 20,000 kwa kila mfuko. Nilipoipata, majani yalikwisha kuwa manjano na mpunga umebeba mimba, ilhali mbolea ile ilitakiwa shambani wakati mpunga unatoa machipukizi.

Hofu ya watendaji kwamba ekari moja ikiandikwa kwa watu wawili mbolea itatoka mara mbili ni ya haki, na ndiyo sababu napendekeza makubaliano ya kukodi yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, ekari zilizokodishwa ziondolewe kwenye hesabu ya mwenye shamba na kuhesabiwa kwa anayelima, kwa msimu huo tu. Hatuombi ardhi ya mtu, jambo ambalo najua linawatia wenyeji wasiwasi.

Upande wa ugani, yaani mafunzo ya kilimo kwa wakulima, hali ni hiyo hiyo. Shamba darasa hutangazwa kwenye mkutano wa kijiji, nasi tunalala kwenye madungu huko mbugani tukiamia ndege, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kupanda mbegu ya mpunga ya SARO 5 kwa mistari nilijifunza kwa kuchungulia shamba la jirani.

Kwa kuwa wengi wetu hufika Desemba, naiomba Wizara ya Kilimo iache daftari wazi hadi mwisho wa Januari, ili anayekuta mvua zimeanza naye apate namba kabla ya kupalilia.

Mkulima wa mpunga,
Bonde la Kilombero, Morogoro