Gari Hilo Usimuuzie Mtu

Muheza, Ijumaa baada ya sala

Mwanangu,

Assalam alaykum. Sisi huku wazima. Mama yako presha imetulia tangu abadilishiwe dawa, ila tangu ulipompigia juzi usiku kumwambia gari ulilonunua limekufia Wami ukija huku, hajalala vizuri, na mimi sijalala kabisa. Mambo mazito kwenye simu siyawezi, unanijua, salio linakwisha kabla sijafika kwenye neno lenyewe. Ndiyo maana naandika. Barua hii nampa kondakta wa basi la alfajiri pamoja na kiroba cha machungwa, uende ukavipokee stendi ya Mbezi.

Mama yako ameniambia fundi amekushauri mtie dawa ya kuziba panapovuja kwenye rejeta ya kupozea maji, mmimine oili nzito, muioshe injini mpaka ing'ae, halafu gari lipelekwe kwa mtu wa Kongowe mwenye hela mkononi na asiyejua magari. Kwamba likishawaka dakika kumi mbele yake, imetosha. Mwanangu, usifanye hivyo. Nimeanza na hilo kwa sababu mengine yote yaliyomo humu yanaweza kungoja.

Ile picha uliyotuma nimeiangalia kwenye simu ya mdogo wako. Kifuniko cha oili, kwa ndani, povu zito la rangi ya chai ya maziwa, na kwenye nyuzi zake vitone vya maji. Nikamwambia aikuze, akaikuza, nikamrudishia simu yake. Hapo hapahitaji fundi wa chuo. Maji yameingia kwenye oili.

Injini yako ni 1NZ, CC 1500, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Probox zinazopanda vijijini huku zimejaza watu na magunia. Haifi kirahisi. Ukiibadilishia oili kwa wakati na ukahakikisha maji hayapungui, mnazeeka pamoja. Lakini bloku yake, yaani mwili wa injini, na hedi yake inayoufunika kwa juu, ni aluminiamu, na aluminiamu na joto kali havipatani. Ikichemsha, hedi inapinda kiasi ambacho jicho halioni, gasketi iliyo katikati inaachia, na yale maji ya kupoza yanapata njia ya kwenda kwenye oili. Oili yenye maji haina utelezi. Bering za krenki, zile zinazoshika mhimili unaozunguka ndani ya injini, zinaanza kusagana, na ule mlio uliousikia pale Wami, kama mtu anagonga geti kwa nyundo, ndio huo.

Ulimwambia mama yako kwamba feni ilikuwa inazunguka muda wote, hata asubuhi ukiwasha tu, ukafurahi ukadhani ni uzima. Feni ya gari kama lako inakaa kimya mpaka maji yapate moto ndipo iamke. Ikizunguka tangu ufunguo unapogeuzwa, na wewe hujawasha kiyoyozi, ujue kuna mtu ameiunga dairekti kwa sababu gari lilikuwa linachemsha na hakutaka kutafuta chanzo. Halafu fundi amefungua hakukuta themostati, ile inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, pamebaki patupu. Halafu kwenye kitenki cha akiba mna tope la kahawia, lile linaloachwa na dawa ya kuziba. Moja kati ya hayo ningesema bahati mbaya. Yote matatu kwenye gari moja, aliyekuuzia alijua.

Siku ile uliniwekea simu juu ya injini, nikasikiliza, nikakwambia inaunguruma vizuri, chukua. Simu haipitishi harufu wala joto. Sikukuuliza kama ulilikuta boneti lina moto, na umekuja kusema juzi kwamba lilikuwa limeshawashwa kabla hujafika. Injini iliyokwisha pata moto inaficha mengi. Ningekwambia ukae hapo hata kwa muda wa saa tatu mpaka ipoe, ufungue mfuniko wa rejeta ikiwa baridi uchungulie rangi ya maji, ndipo uwashe uangalie moshi unaotoka wa kwanza. Mama yako alitaka nipande basi nije nilione kwa macho. Wiki ile wanunuzi wa machungwa walikuwa shambani. Basi.

Lakini na wewe, mama. Taa nyekundu iliwaka Lugoba, umesema mwenyewe, na ukaendelea mpaka Wami. Nimewaambia nini wewe na mdogo wako kuhusu taa nyekundu? Ya njano unaweza kujikongoja nayo mpaka kwa fundi. Nyekundu unasimama hapo hapo, hata kama ni porini, hata kama ni usiku. Ungesimama Lugoba leo tungezungumzia rejeta na pampu ya maji, pengine na gasketi, si injini nzima. Najua ulikuwa na hamu ya kufika. Na mimi sikukusaidia, maana nilikupigia mara tatu kukuuliza umefika wapi. Nilikuwa nimekaa pale kwa muuza vocha tangu saa saba, nimewaambia wote wapitao kwamba binti yangu anakuja na gari lake, na kadi ina jina lake. Katika ukoo wetu magari tumeendesha wengi, lakini yalikuwa ya watu. Hilo halijafutika kwa sababu injini imekufa.

Sasa sikiliza. Usikubali liwashwe tena, hata kwa kujaribu, maana kila likiwaka linajila. Mwambie fundi afungue hedi wewe ukiwa umesimama hapo, si akupigie simu akisha kufungua. Hedi ipelekwe kwa wenye mashine, wapime kama imepinda na kama ina ufa, na bering za krenki zichunguliwe kwa chini. Ikiwa ubovu umeishia kwenye hedi, itasawazishwa na kufungwa gasketi mpya, na gharama yake inabebeka. Kwa mlio ule ulioueleza sidhani. Nadhani ni injini.

Injini ya mtumba, rafiki yangu tuliyekuwa naye kwenye malori ameniulizia Gerezani, wametaja 1,800,000 bila ufundi. Usichukue iliyooshwa ikapakwa rangi. Chukua iliyobaki na vumbi lake, fungua mfuniko wa oili upitishe kidole chako mwenyewe, kikitoka na tope zito au povu kama lile la kwako, ondoka. Dai risiti yenye namba ya injini. Namba iliyomo kwenye kadi yako ni ya hii iliyokufa, kwa hiyo itabidi uende TRA wakurekebishie, na bila karatasi utajikuta unaeleza mambo usiyoyajua, maana injini isiyo na karatasi huwezi kujua imetoka kwenye gari la nani. Na rejeta ile usiirudishe. Watu wanafunga injini nzuri kwenye rejeta yenye tope halafu wanashangaa inachemsha tena. Rejeta mpya, mipira mipya, themostati irudi mahali pake, na feni irudishiwe waya zake ifanye kazi kama ilivyotoka kiwandani. Fundi atakwambia themostati ni ya nchi za baridi, haina kazi kwetu. Mwache aseme, wewe inunue.

Aliyekuuzia mpigie, kwa heshima, usimtukane. Mkataba umeandikwa kwamba umelichukua gari kama lilivyo, na wakili amegonga muhuri, kwa hiyo usiweke matumaini makubwa. Kijana wa jirani anayesoma sheria anasema Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamlinda aliyedanganywa, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba mwenzako alijua na akaficha ni wako, naye atasema ulipewa nafasi ya kukagua. Basi fundi asitupe kitu. Waya wa feni aukate vizuri akupe, tope lile lichote uweke kwenye chupa, piga picha kila kinachofunguliwa. Akikurudishia hata laki tano, alhamdulillahi. Asiporudisha, liwe lake na Mola wake. Lisiwe sababu ya wewe kwenda kumfanyia mtu wa Kongowe vile vile.

Narudia hilo kwa sababu nakujua. Ukielemewa unaamua haraka, na ukishaamua huambiliki, umerithi kwangu. Marejesho ya SACCOS ni mwisho wa mwezi, mshahara hautoshi, gari limelala gereji linadaiwa, nayaona yote hayo. Lakini yule naye hela ameitoa wapi? Pengine ni mkopo kama wako. Pengine ni kiinua mgongo cha miaka thelathini. Ukitaka kuliuza, liuze, gari si mtoto. Mwambie injini imekufa, maji yamechanganyika na oili, muuzie kwa bei ya bodi. Likataliwe na watu kumi, atapatikana wa kumi na moja mwenye injini isiyo na gari. Ila usimfiche.

Unga wa mbao ukiuchanganya na oili ya gia, ukaumimina kwenye difu inayolia, yale meno ya kuzungushia matairi ya nyuma, difu inanyamaza. Wiki mbili, tatu hivi. Huo ujuzi hakuna anayefundishwa, unauona tu kwa wakubwa zako ukiwa utingo. Ile pikapu ya bluu ilinyamaza hivyo. Yule mzee wa Amani aliizungusha mara mbili pale uwanjani, akazima, akawasha tena, akasikiliza, uso ukamkunjuka. Hela zilikuwa kwenye kitambaa, akazihesabu moja moja juu ya boneti, na kila noti aliinyoosha kwanza kwa kiganja. Ilimfia kwenye kona za kupandia Amani, na machungwa ya watu juu yake. Siku ile alipokuja akakaa chini ya mwembe mpaka magharibi, uliniuliza mbona simkaribishi ndani. Nilikujibu nenda kachote maji.

Nilikwenda mazikoni kwake. Nikatia udongo kama wengine, nikarudi. Ya Mungu mtu unaamka usiku, unasali, unaomba. Haki ya mja iko kwa mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Nasikia wanawe wako huko Dar, mmoja ana kibanda cha matunda Temeke. Ukipata nafasi uniulizie... hapana, hilo acha. Nikija nitamtafuta mwenyewe.

Wanunuzi wamelipa nusu ya machungwa, 900,000. Jumatatu nitakutumia 700,000, usiniambie hutaki. Nusu ya pili wanalipa wakimaliza kuchuma, tutaangalia. Zilikuwa za bati za jikoni, lakini mama yako mwenyewe ndiye aliyesema bati zingoje, na mvua za vuli bado ziko mbali. Huyo mdogo wako alikuwa anadai simu mpya, nimemwambia akae kimya mwaka huu. Amekaa kimya, na jana nimemkuta anapalilia bila kuambiwa, sijui mmezungumza nini.

Nenda kazini kwa daladala mpaka gari lipone, usione haya. Wale walimu wenzako watakaouliza gari liko wapi waambie liko kwa fundi, basi. Na kule SACCOS usikae kimya mpaka tarehe ipite. Nenda wewe mwenyewe kabla, uwaeleze, uombe wakusogezee. Mtu anayekwenda kabla hajaitwa anasikilizwa.

Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja dhaifu, mama yako anamlaza jikoni karibu na mafiga na kumnyonyesha kwa chupa, amempa jina lako. Ule mpingo wa mpakani jirani ameukata, tumefika kwa mwenyekiti, nitakuelezea siku nyingine. Wali wa nazi wa siku ile uliliwa na watoto wa madrasa, haukupotea.

Machungwa ya juu yameiva sana, anza na hayo. Ya chini yanaweza kukaa wiki mbili ukiyatandaza. Kiroba usikitupe, mama yako anakitaka, mpe kondakta huyo huyo akirudishe. Na hedi ikifunguliwa nipigie mimi, si mama yako, kabla hujampa jibu lolote yule mtu wa Kongowe.

Baba yako