Ni Nani Aliyesema Habari ya Kulala Chini ya Daraja?

Walukuba, Jinja

Ndugu yangu Ramadhani,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote hapo Arua. Huku tu wazima, alhamdulillahi.

Swali lako limenikaa kichwani tangu nilipofungua bahasha. Unataka kuandika kwenye ukuta wa ofisi yenu, pale mnapowasaidia wachuuzi wenye kesi, yale maneno kwamba sheria inamkataza tajiri na maskini sawasawa kulala chini ya daraja. Mwenzako anashikilia kuwa ni ya Voltaire, yule mwandishi Mfaransa. Mwambie si yake. Voltaire alifariki mwaka 1778, na maneno yale ukiyasoma mpaka mwisho yanayataja Mapinduzi ya Ufaransa, ambayo yalianza 1789. Hayo yanatosha kumtoa.

Mwenyewe ni Anatole France, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921. Yamo katika riwaya yake Le Lys rouge ya mwaka 1894. Tena hakuyasema kwa kinywa chake; alimpa Choulette, mhusika mmoja wa riwaya hiyo, mshairi fukara na mlevi anayezungumza mbele ya watu wenye nafasi zao. Choulette anaeleza kuwa, kwa maskini, uraia ni kuwabeba matajiri wabaki na nguvu zao na uvivu wao. Kazi hiyo wanaruhusiwa kuifanya chini ya usawa mtukufu wa sheria, ambayo inamkataza tajiri kama inavyomkataza maskini kulala chini ya madaraja, kuomba mitaani na kuiba mkate. Halafu anaongeza kuwa usawa huo ni mojawapo ya neema za Mapinduzi.

Nakusihi usome hapo polepole. Wengi hunukuu kipande cha daraja peke yake, kikabaki kichekesho cha kuchangamsha baraza. Ukirudisha mkate na zile neema za Mapinduzi, unaona hasira ya yule mlevi: aliahidiwa usawa, akapewa huu. Na madaraja yenyewe France aliyajua tangu utotoni. Alizaliwa Paris mwaka 1844, baba yake akiwa muuza vitabu kando ya mto Seine.

Sasa nikwambie lililoniuma. Choulette analalamikia sheria iliyowataja wote wawili. Yetu ilimtaja maskini peke yake! Kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu ya Uganda kilimhesabu mtu yeyote anayeshukiwa, asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, na asiyeweza kujieleza vizuri, kuwa mzururaji mhalifu. Tajiri gani atakosa njia ya kujikimu inayoonekana? Maneno hayo tuliletewa na Mwingereza. Yamo karibu neno kwa neno katika sheria yake ya uzururaji ya mwaka 1824, iliyotungwa wakati barabara zake zimejaa watu waliofukarika baada ya vita vya Napoleon, wakiwemo askari walioachishwa kazi.

Unamkumbuka kijana wa jirani yangu, yule muuza rolex, chapati ya kukunjiwa mayai? Jioni moja alikuwa anafunga kibanda, stovu bado ya moto, likaja gari likawazoa vijana wote wa pembe ile. Kituoni akaulizwa anafanya kazi gani. Akanyoosha viganja, unga umekauka mpaka kwenye kucha. Akaambiwa unga si kitambulisho. Mama yake alitafuta pesa ya kumtoa kwa kukopa kikundini, na deni hilo lilikula mtaji wa mayai. Wazee wa hapa walipoliona lile gari walisema tu, "Panda gari imerudi," kwa sababu wanaikumbuka misako ya miaka ya 1980 iliyoitwa hivyo, watu walipozolewa kwa magari. Wahenga wa pwani walikwisha kusema kuwa maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba.

Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilikifuta kipengele hicho cha asiye na njia ya kujikimu, pamoja na kile cha kumkamata mtu kwa kuonekana anazunguka mahali na wakati unaotia shaka. Wachuuzi wenu waambieni hilo kwa Kiswahili, Kilugbara, kwa lugha yoyote watakayoielewa, maana nimekutana na watu huku hawajalisikia kabisa.

Kwa hiyo huo ukuta, andikeni maneno yote: daraja, kuomba na mkate. Chini yake wekeni jina la Choulette, kisha Anatole France, kisha 1894. Na kama nafasi itabaki, andikeni kando kwa herufi kubwa lile la Desemba 2022, maana hilo ndilo mtu anaweza kwenda nalo kituoni.

Rangi ya ukuta ikikauka nipigie picha unitumie. Shemeji mwambie ule mkeka wake umekwisha kusukwa, nitaupeleka kwa basi la Ijumaa.

Nduguyo,
Musa