Shoga, damu yako haina ugomvi na mtu

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Nimeamua kukuandikia kwa karatasi, usishangae. Simu yako naijua: wifi anaishika, watoto wanaichezea, na ujumbe wa sauti unaufungua umezungukwa na watu. Haya ya leo si ya kusikilizwa ukumbini. Bi Zaituni anakuja Bagamoyo kwenye harusi ya mpwa wake, nimemwomba akukabidhi mkononi mwako, si kwa mwingine. Ukishasoma, utajua mwenyewe pa kuiweka.

Huku sote wazima. Kazi za maabara zipo, joto la Tanga unalijua, na mama anakusalimu sana. Anauliza tumbo limechongoka au limekaa duara, maana ana mahesabu yake.

Sasa tuje kwenye kadi. Unasema kliniki wamekuandika O hasi, mumeo O chanya, na mama mkwe ameshakata shauri kwamba damu zenu hazipatani, ndiyo maana mlikaa muda wote ule bila kushika mimba. Mjibu kwa adabu, au usimjibu kabisa, lakini wewe jua kwamba Rh, yaani hiyo hasi na chanya, haimzuii mtu kushika mimba. Wala si ugonjwa. Kwenye chembe nyekundu za damu ya watu wengi kuna protini inayoitwa D. Mumeo anayo, wewe huna, basi. Hiyo O mnayofanana ni habari moja, na hasi au chanya inayoifuata ni habari nyingine. Huku kwetu wasiokuwa na D ni wachache, watu kidogo tu katika kila 100, wakati Wazungu wa Ulaya wanafika kama 15. Kwa hiyo unaweza kukutana na nesi mzuri, mwenye uzoefu wa miaka, akakuandikia hasi kwenye kadi kisha akageuza ukurasa. Hajakudharau, ni jambo asilokutana nalo kila siku. Wa kukumbusha utakuwa wewe.

Tumboni damu yako na ya mtoto kwa kawaida haziingiliani, kondo la nyuma linazitenga. Shida huja wakati wa kujifungua. Kondo linapobanduka, damu kidogo ya mtoto huponyoka ikaingia kwako. Kama mtoto ni chanya mfano wa baba yake, mwili wako unakutana na D usiyokuwa nayo, unaanza kutengeneza kingamwili za kuipiga. Hilo huchukua wiki kadhaa, na mtoto mwenyewe ameshazaliwa, analala zake. Ndiyo maana wa kwanza kwa kawaida husalimika. Lakini mwili hausahau, kama mwenye duka na sura ya mdeni wake. Mimba nyingine ikija na mtoto akawa chanya tena, kingamwili zinavuka kondo na kuzivunja chembe zake nyekundu. Mtoto anaishiwa damu humohumo tumboni, anavimba maji, au anazaliwa na manjano makali yanayoweza kufika kwenye ubongo. Wengine hawazaliwi hai.

Bibi zetu waliyaona haya. Mwanamke anazaa wa kwanza buheri wa afya, wa pili na wa tatu wanazikwa, ikasemwa ana chango, ikasemwa ana jini. Sisemi kila msiba ule ulikuwa Rh, malaria na kaswende navyo vilimaliza watoto. Ila hata madaktari hawakuijua Rh mpaka kwenye 1940 hivi, na sindano ya kuizuia ilianza kutumika 1968. Kabla ya hapo bibi angefanya nini?

Haya, nakuja kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Kadi yako imeandikwa mimba ya kwanza. Mimi na wewe tunajua si ya kwanza.

Sikulaumu hata kidogo. Mumeo alikuwa kiti cha pembeni, mmeitwa pamoja kwa ajili ya vipimo kama wanavyowataka wanaume siku hizi, nesi anauliza kwa sauti, "Mimba ya ngapi?" Ungejibuje? Hata mimi ningesema ya kwanza. Lakini kwa mwili wako, ile ya miezi minne iliyotoka ukiwa hapa Tanga, kabla hujamjua huyu bwana, inahesabika. Mwili hauulizi kama mtoto alilia au hakulia, unachojua ni kama damu yake ilipita. Tena ulisafishwa kizazi, na huko kusafishwa nako kunaweza kuipitisha. Pale tulipokwenda hakuna aliyekupima kundi la damu. Walihesabu pesa, wakatupa vidonge vya maumivu, wakatuonyesha mlango. Mwanamke mwenye damu hasi akipoteza mimba ya umri ule anatakiwa apewe sindano ndani ya saa 72. Wewe hukupewa, na hakuna aliyejua kuwa unaihitaji.

Usiogope kabla ya wakati. Zamani, kabla sindano hazijakuwepo, hata wanawake hasi waliozaa mtoto chanya wa miezi tisa, waliotengeneza kingamwili walikuwa kama 16 katika 100. Kwa mimba ya miezi minne hatari ni ndogo zaidi ya hapo. Mimi naona uko salama. Lakini kuona kwangu si jibu, na jibu linapatikana maabara: kipimo cha Coombs, kile kinachofanywa kwa damu ya mama. Wanachukua damu kidogo mkononi, wanatazama kama kingamwili za D zimo. Na damu hiyo itolewe kabla ya sindano, si baada yake, maana sindano yenyewe ni kingamwili hizohizo. Ikishaingia, kipimo kinaweza kusema zimo na kila mtu akachanganyikiwa.

Kuhusu ile mimba, mwambie nesi au daktari, mkiwa wawili tu. Nenda siku ambayo mumeo yuko kazini, sema una swali la faragha. Wao wamefungwa na siri ya mgonjwa. Kinachonitia wasiwasi ni kadi, kwa sababu inalala nyumbani, na nyumba yenu naijua ilivyo na wasomaji. Mwombe asiandike kwenye kadi, abaki nalo yeye na daktari. Akishikilia kwamba lazima liandikwe, basi wewe nawe shikilia Coombs ifanyike, kwani kipimo hakimuulizi mtu historia yake. Wapo watakaokwambia ndoa kwanza. Mimi nasema mtoto kwanza, ila kwa hapa sioni kwa nini ulazimishwe kuchagua. Majibu yakitoka, nipigie useme mchele umefika safi. Kama mchele una mawe, sema hivyohivyo, nitaelewa.

Mchele ukiwa safi, unapewa sindano ya anti-D. Ya kwanza ni wiki ya 28. Wewe sasa uko kwenye wiki ya 20, muda upo lakini si wa kuulalia. Ya pili ni baada ya kujifungua, ndani ya saa 72, wakishapima damu ya kitovu na kukuta mtoto ni chanya. Akiwa hasi kama mama yake, huihitaji. Dozi inayotumika sana ni mikrogramu 300. Ukikuta boksi limeandikwa yuniti 1500, ni kitu kilekile, usigombane na mtu wa famasi. Inapigwa kwenye msuli, begani au pajani. Kazi yake ni kuziondoa chembe za mtoto kabla mwili wako haujazitambua. Mwili ukishazitambua, sindano haiwezi kuusahaulisha, na hii ndiyo sababu nakazania Coombs mapema.

Mchele ukiwa na mawe, anti-D haina kazi tena, lakini usikate tamaa. Kipimo kitarudiwa kuona kama kingamwili zinapanda, utrasaundi itaangalia kama mtoto anaishiwa damu, na mtoto akizaliwa kuna taa za kutibu manjano na kuna kubadilishiwa damu. Ikiwa hivyo, usisubiri huko Bagamoyo, omba rufaa ya Muhimbili mapema.

Kuipata sasa. Ni ghali, tena si kila hospitali inayo. Anza kuulizia wiki hii, bei na mahali, ili wiki ya 28 isikukute unachangisha. Kama mtalazimika kuinunua Dar es Salaam, kwanza hospitali ikubali kuipokea na kuitunza. Inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Asije mtu akaitia kwenye mfuko wa rambo, akapanda basi la Bagamoyo kwenye jua la mchana, akasema mbona ni karibu. Iwekwe kwenye kisanduku cha barafu, na barafu isiiguse chupa. Mwambie shemeji mara tatu, akisema ameelewa mwambie ya nne.

Na hapa katikati ukitokwa damu, ukianguka, bodaboda ikikumwaga, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama huna maumivu, ukaseme mimi ni hasi. Zile saa 72 zinahesabiwa na hapo pia.

Mama mkwe akisikia sindano inatokana na damu za watu, atakuwa na la kusema. Ni kweli, inatengenezwa kwa plazma, yale majimaji ya damu, ya wachangiaji wenye kingamwili hizo, na inapimwa na kusafishwa virusi. Kuna mzee mmoja wa Australia, James Harrison, alipasuliwa akiwa na miaka 14 akaongezewa damu nyingi, akaahidi naye atatoa akikua. Alianza 1954, akachangia mara 1,173, mpaka 2018 umri ulipomkataza. Plazma yake ndiyo iliyokuwa ikitengenezewa anti-D huko kwao. Tena alikuwa mwoga wa sindano, alikuwa hatazami anapochomwa. Amefariki 2025. Mimi huyu mtu nampenda bila kumjua. Na mama mkwe akiuliza kama itamdhuru mtoto, mwambie kiasi kinachovuka kwenda kwa mtoto ni kidogo mno, hakimletei madhara.

Kujifungua, nenda hospitali yenye damu. Najua mkunga wa zahanati ni jamaa yenu na ana mikono mizuri, lakini wewe O hasi hupokei damu yoyote ila O hasi mwenzako, na hiyo kwetu ni adimu. Ukipewa chanya, mwili unaweza kutengeneza zile kingamwili tunazozikimbia, kwa hiyo isiwe, labda roho iwe hatarini. Kaulize mapema kama hospitali inaweza kuipata kupitia Damu Salama, wale wa benki ya damu ya taifa. Ndugu zako wa tumbo moja nao wapimwe, maana hali hii inarithiwa, na wao wana nafasi ya kufanana nawe kuliko mpita njia.

Mtoto akizaliwa, mtazame macho na ngozi. Manjano ya ndani ya saa 24 za kwanza si ya kungoja. Watakaokwambia umwanike jua la asubuhi waitikie, kisha mbebe mtoto uende hospitali. Kunyonyesha nyonyesha, hakuna tatizo.

Mumeo mwambie habari ya hasi na chanya yote kama nilivyokuandikia, ukitoa lile moja. Nadhani ataelewa kuliko unavyomwogopea. Huyu si wa kupelekwa kwa mganga kutafutiwa mchawi wa damu, mpe bei ya sindano na tarehe.

Mwezi wako ukikaribia nitaomba ruhusa kazini nije nikae siku chache, kama wifi ataniachia kitanda. Nisalimie wote wa huko Dunda.

Wasalaam,
Shoga yako,
Mwanaidi

Baadaye: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, kaka yako wa Pangani akapita maabara. Nikamwomba kidole, nikampima. O hasi, sawasawa na wewe, na amesema nikuambie. Yuko tayari kuchangia, alitaka hata leo hii, nikamkataza: damu kwenye chupa haikai zaidi ya siku 35, sasa akitoa leo itakufaa nini? Nimempangia wiki mbili kabla ya tarehe yako. Mpigie wewe mwenyewe ikikaribia, mimi ananiona namtania.